Mkereza Matendegu na Pikipiki Anayoiogopa

Saa moja asubuhi ukungu bado umelala juu ya mabati ya Mafinga, na Tekla Mgaya amekwisha kuchuchumaa nyuma ya pikipiki iliyoinuliwa juu ya kigogo cha paina. Analizungusha gurudumu la nyuma kwa kidole kimoja. Halitazami. Anasikiliza.

Gurudumu linazunguka kimya. Analisimamisha kwa kiganja, kisha analishika kwa mikono miwili na kulisukuma kushoto, halafu kulia, kama mama anayejaribu jino la mtoto lililoanza kulegea. Halichezi. Anarudia. Halichezi.

Uso wake, hata hivyo, si uso wa mtu aliyepata habari njema.

"Asubuhi hainiambii ukweli," anasema, akijipangusa mikono kwenye aproni. "Asubuhi ya Mafinga kila kitu kimekaza. Hata kitanda kibovu, asubuhi ya Mafinga ni kitanda kizuri."

Tekla, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, si fundi pikipiki. Ni mkereza. Kazi yake ni kusimama mbele ya kerezo, ile mashine inayozungusha mti ili patasi iuumbe, na kutoa matendegu ya vitanda, miguu ya meza na vipini vya majembe. Matendegu manne ya kitanda humpatia shilingi elfu kumi na mbili, mbao zikiwa za mteja. Kwa kazi hiyo amemlea peke yake binti yake wa pekee, Frida, hadi akawa muuguzi.

Ipo kazi nyingine ambayo haitangazi, ingawa wateja wake wote wanaijua. Tekla hutengeneza misalaba ya makaburi.

"Mtu akija kuagiza msalaba, simwulizi kilichoua," anaeleza. "Namwuliza urefu wa jina. Lakini akitaja miaka ishirini na miwili, ishirini na minne, na huko nje wamesimama vijana wameshika helmeti mikononi, mimi si mtoto. Naelewa."

Ndiyo sababu majirani walishangaa walipomwona, mwanzoni mwa kiangazi cha mwaka huu, akiburuta pikipiki ya kale kutoka katika banda la kuni na kuifunika kwa turubai, kama mtu afunikaye maiti.

Pikipiki hiyo ilikuwa ya marehemu baba yake, Mwinjilisti Yotamu Mgaya, aliyeitumia kuzungukia mitaa ya usharika wake hadi macho yalipomwishia. Alipoacha kuiendesha aliiegemeza ukutani, akaifunika kwa gunia, na kuni zikarundikwa juu yake mwaka baada ya mwaka. Kuku walitagia kwenye tangi. Panya walijenga ndani ya boksi la hewa.

Ingekaa hapo hadi leo, kama si kazi ya Frida.

Frida anafanya kazi katika zahanati iliyoko mbele ya Ubaruku, kwenye tambarare ya Usangu, wilayani Mbarali. Mara kwa mara hulazimika kubeba kasha la chanjo na kuwafuata akina mama wa familia za wafugaji, wanaoishi ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Njia ni moja tu: juu ya matuta ya mifereji ya maji. Upande huu mfereji, upande ule jaruba la mpunga. Tuta lenyewe halizidi upana wa mlango.

Alipoomba pikipiki ya babu yake kwa mara ya kwanza, mama yake alimjibu kwa sentensi moja ambayo Frida anaikumbuka neno kwa neno: "Sitaukereza msalaba wako kwa mkono wangu."

Jibu hilo lilidumu hadi masika yaliyopita. Siku moja kijana wa bodaboda aliyekodiwa kumpeleka Frida alifika katikati ya tuta akiwa amelewa. Mvua ilipokolea alimteremsha, akageuza chombo na kumwacha hapo na kasha lake. Frida alitembea jioni nzima katika maji yaliyomfika magotini, akilipapasa tuta kwa mguu, asijue hatua inayofuata itakanyaga udongo au mfereji.

"Aliponisimulia, sikulala," anasema Tekla. "Nikafikiri: mwanangu atapanda pikipiki, nikitaka nisitake. Kilichobaki ni ya nani. Heri ile ambayo kila nati yake naijua."

Hakuwa ameijua hata nati moja. Aliyemfundisha ni Jailos, fundi mwenye gereji ndogo jirani na kiwanda cha mbao, mtu mwenye maneno mengi na mikono myepesi. Jioni, kerezo likizimwa, Jailos alikuwa akipita, akikaa juu ya kreti la soda na kuelekeza kwa kidole.

"Kamwene, Mama Frida," humwamkia hadi leo. "Mgonjwa ameamkaje?"

"Hajaamka. Amekataa uji."

"Basi mpe mafuta. Wazee hukataa uji, mafuta hawakatai."

Pistoni ilikuwa imeganda ndani ya silinda. Tekla alijaza mafuta, akangoja juma zima, kisha akaigonga kwa nyundo ya mti, taratibu, akilala na kuamka na hofu kwamba angeipasua. Siku iliposogea, anasema, alikaa chini mavumbini na kucheka peke yake. Tangi alilijaza kokoto na mafuta ya taa, akalitikisa hadi mabega yakawaka moto na kutu ikatoka kama chai ya rangi. Kiti alikichonga mwenyewe. Alinunua kabureta, plagi, cheni na nyaya za breki.

Kila kifaa alichokifunga alikifungua tena kukihakikisha. Jailos alimtania kwamba nati zake zitakwisha meno kabla pikipiki haijatoka uani.

"Zikwishe," alijibu. "Nati zinauzwa."

Kikabaki kifaa kimoja.

Gurudumu la nyuma la pikipiki hushikwa na mkono wa chuma, na mkono huo hucheza juu na chini kwenye ekseli iliyopita ndani ya vikombe viwili vidogo viitwavyo bushi. Bushi zikilika, gurudumu la nyuma halilifuati la mbele. Huenda njia yake. Zile za Mwinjilisti Yotamu zilikuwa zimelika hadi zikabaki nyembamba kama ganda la yai. Kwa pikipiki ya umri ule, hazikupatikana Mafinga wala Iringa mjini.

"Nikamwambia, mama, hizi zichongwe za shaba," anakumbuka Jailos. "Yuko mkereza vyuma Mbeya. Ngoja niagize. Akaniuliza, siku ngapi? Nikasema, sijui. Akatazama kerezo lake, nami nikajua nimeshindwa."

Likizo ya Frida ilikuwa inakwisha. Alikwisha kupata leseni, na lori la mbao la kumchukua pamoja na pikipiki yake lilikuwa limepatikana. Mbele ya Tekla palikuwa na mashine ambayo imezungusha miti kwa muda mrefu kuliko umri wa binti yake, na kigogo cha mlingoti, ule mkaratusi mgumu kama mfupa. Akakereza bushi mbili. Akazichemsha katika mafuta ya injini ili zijilainishe zenyewe. Zikaingia mahali pake kwa kugongwa, zikakaza, na gurudumu halikucheza hata unywele.

Hapa ndipo lilipo kosa, na Tekla hulieleza kwa utaratibu, kama asomaye mashtaka ya mtu mwingine.

Hakuna mti unaopanda juu ya kerezo lake kabla hajauweka shavuni. Mti mbichi ni baridi shavuni, hata ukiwa umeanikwa juani. Mkavu una joto la mkate. Wakereza wa Mafinga hupima hivyo, na shavu la Tekla linasifika kuliko mengine. Kigogo kile hakukipima, kwa kuwa kilikuwa kidogo na haraka ilikuwa kubwa. Alikumbuka baadaye, bushi zilipokwisha kutoka mafutani. Akaitwaa moja, akaiweka shavuni. Ilikuwa na joto.

"Ilikuwa na joto la mafuta," anasema. "Niliipima sufuria, sikuupima mti."

Frida akaondoka. Akapiga simu kusema pikipiki inakwenda kama maji. Akapiga tena. Tekla, aliyekuwa akishtuka kila helmeti ilipopita barabarani, akaanza kulala.

Kisha akaja Malimi.

Malimi ni mkulima wa mpunga wa Ubaruku, mtu wa makamo ambaye wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Alikuwa amenunua kitanda kwa Tekla wakati wa mavuno. Siku hiyo alipita Mafinga kwa shughuli zake, akaingia uani akicheka.

"Mama, nimekuja kushtaki. Kitanda chako kinalia."

"Kinaliaje?"

"Kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama. Mke wangu anasema majirani watatufikiria vibaya."

Tekla naye alicheka. Malalamiko hayo si mageni kwake. Mafinga ni nchi ya baridi na ukungu. Usangu ni nchi ya jua na upepo mkavu. Mti usiokauka sawasawa ukiteremshwa kule hutoa maji yake yote na kusinyaa, na kila kiungo hulegea. Kila seremala wa Mafinga anajua kwamba kitanda cha Usangu hutaka mti uliokaa mwaka mzima chini ya paa.

"Si kosa la kitanda," alianza kumweleza, patasi ikiwa mkononi. "Mti ule ulikaza huku kwenye baridi. Ulipofika kwenu kwenye joto, ukakauka, basi kilichokuwa kimekaza..."

Hakumaliza. Malimi anasema alimwona mama huyo akiitazama patasi kana kwamba amekabidhiwa nyoka.

"Nikamwuliza, mama, unaumwa? Akanambia, leo kwenu kuna jua? Nikasema, mama, kwetu lini hakuna jua?"

Simu ya Frida haikupatikana. Ikapigwa tena; haikupatikana. Ikapigwa ya zahanati, akapokea mhudumu na kusema, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi wowote, kwamba Sista Frida ametoka na chanjo, amekwenda ng'ambo kwa pikipiki yake.

Tekla aliliacha kerezo likizunguka. Ni Malimi aliyelizima.

Basi lilimpeleka hadi Igawa, na gari dogo likamfikisha Ubaruku. Haikumbuki njia. Anachokumbuka ni jua. Kadiri basi lilivyoteremka kutoka milimani, ndivyo jua lilivyozidi kuingia dirishani na kumchoma mkono, naye alihisi kwa mkono wake mwenyewe jinsi mti unavyokauka. Abiria wa jirani alifungua dirisha kupata upepo. Tekla akamwomba alifunge, kana kwamba kulifunga kungesaidia kitu.

Kutoka Ubaruku hapakuwa na chombo kingine isipokuwa bodaboda. Mwanamke huyo ambaye alikuwa hajakalia pikipiki tangu alipobebwa na baba yake akiwa msichana, alimwendea mwendeshaji aliyeonekana mzee kuliko wenzake, Makoye, akamtaka ampumulie usoni. Makoye akapumua. Hakuwa amekunywa.

"Twende ng'ambo, kwa wafugaji," akasema Tekla. "Upesi, lakini polepole."

"Mama, chagua moja," alimjibu Makoye. Na walipoingia kwenye tuta: "Na ukiendelea kunikaba shingo hivyo, utafika wewe peke yako."

Tekla alikuwa ameona alama ardhini.

Udongo wa tuta ulikuwa laini, na pikipiki iliyotangulia ilikuwa imeacha alama zake. Mwanzoni zilikuwa mstari mmoja, gurudumu la nyuma likikanyaga mlemle lilimokanyaga la mbele. Mbele kidogo mstari ulinenepa. Mbele zaidi ukagawanyika: la mbele limenyooka, la nyuma limejipinda likienda kwenye ukingo wa mfereji, likirudi, likienda tena, kila mara karibu zaidi na maji.

"Makoye," alisema, "unaona?"

Makoye aliona. Mzaha ukamwisha. "Huyo ana gurudumu linalotembea," alisema. "Mama, shika vizuri."

Mahali fulani alama ya nyuma ilifika ukingoni kabisa, bonge la udongo likawa limemeguka na kuingia mferejini. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, yakienda kwa kasi, wala hayakuonyesha kitu. Makoye alisimama. Tekla aliteremka, akapiga magoti ukingoni, akayatazama maji hayo kwa muda ambao hadi sasa hawezi kuukadiria.

"Nilikuwa nahesabu herufi," anasema. "Sikutaka. Kichwa chenyewe kilihesabu. Frida ni herufi tano. Ni jina fupi, linakaa vizuri kwenye mti."

Makoye ndiye aliyeona ng'ambo ya sehemu iliyomeguka, kwenye nyasi, alama nyembamba ikiendelea. Na kando yake, nyayo za viatu.

Pikipiki haikuwa imeendeshwa kutoka pale. Ilikuwa imesukumwa.

Walimkuta Frida katika boma la mama mmoja mfugaji, amekaa kwenye kigoda, akimchanja mtoto anayepiga mateke. Pikipiki imeegemezwa kwenye ua wa miiba. Goti lake lilikuwa limechubuka na sketi imejaa tope hadi kiunoni. Alipomwona mama yake akishuka kwenye bodaboda, sindano nusura imponyoke.

"Mama? Nani amekufa?"

"Hakuna," alisema Tekla. Akakaa chini, palepale alipokuwa amesimama.

Frida alimaliza kumchanja mtoto kwanza. Kisha akaeleza. Pikipiki ilikuwa imeanza kulia tangu juzi yake, mlio mdogo chini ya kiti, naye alidhani ni kasha la chanjo. Siku hiyo, jua lilipopanda, mlio ukawa mkubwa, akaujua. Alikuwa amelala juu ya mlio huo utotoni, katika kitanda cha kwanza ambacho mama yake alikikereza kabla hajawa hodari.

"Nikasema, hiki ni kitanda cha mama," alisema Frida. "Nikapunguza mwendo. Ningekuwa nimekuja kasi, gurudumu lingenitupa. Liliteleza tu, nikaangukia upande wa jaruba."

Makoye alizifungua bushi hapohapo kwa spana zake. Zilitoka kwa kidole. Moja ilikuwa imepasuka urefu wake wote.

Hayo yalitokea mwezi uliopita. Pikipiki ilirudi Mafinga juu ya lori, na Tekla akaifungua yote, hadi nati ya mwisho. Safari hii alikwenda Mbeya mwenyewe, akasimama kando ya mkereza vyuma hadi bushi mbili za shaba zikakamilika, akizipima kila mara kwa namna iliyomchosha yule bwana. Jailos ameikagua pikipiki mara mbili na kusema iko imara kuliko ilivyotoka kiwandani.

Tekla haamini. Hofu yake sasa haipo kwenye bushi.

"Ile bushi ilikuwa na hisani, ililia," anasema. "Je, kama kipo kingine nilichokifanya kwa haraka, nacho ni cha aina isiyolia?"

Juu ya kerezo lake, kwenye msumari, inaning'inia bushi ya mlingoti ambayo haikupasuka, imevikwa kwenye ekseli ya zamani. Asubuhi za ukungu hunywa unyevu na kukaza. Alasiri, jua likiwaka, hulegea, na upepo ukipita hugonga chuma, to, to, to. Jailos amemwomba aitupe, kwa kuwa humtia wazimu. Tekla amekataa.

Mvua za kwanza zinakaribia Usangu, na Frida anaitaka pikipiki yake. Mabishano yao kwenye simu yamekuwa mafupi.

"Mama, iko tayari au haiko tayari?"

"Iko tayari. Mimi ndiye siko."

Saa nne ukungu unainuka, na Frida anaingia uani na begi lake, akitokea stendi. Anamwamkia mama yake kwa kupiga goti, anazunguka pikipiki, analipapasa tangi. Kisha macho yake yanaangukia helmeti mbili zilizowekwa juu ya meza ya seremala. Moja ni yake. Nyingine ni mpya, ndogo, bado ina karatasi ya dukani.

"Hii ya nani?"

Kesho, anaeleza Tekla, lori litawachukua wote wawili pamoja na pikipiki hadi Ubaruku. Pikipiki itasimamishwa juani, pasipo kivuli, kutwa tatu, hadi kila kilichofichika kikauke na kujionyesha. Kisha Frida ataiendesha juu ya tuta lilelile, jua la saa nane, hadi kwa yule mama mfugaji na kurudi. Ikirudi salama, atamkabidhi. Baadaye, Mungu akipenda, angependa kujifunza kukereza shaba, ili asimngoje mtu wa Mbeya.

"Na wewe utakuwa wapi?" anauliza Frida.

"Nyuma yako."

"Mama. Wewe huogopa hata kivuli cha bodaboda."

"Naogopa," anakubali Tekla. Anaichukua helmeti mpya, anaitoa karatasi, anaivaa, anahangaika na mkanda wake kidevuni. "Kiti cha nyuma kiko juu ya bushi. Kitu chochote kikilegea, wa kwanza kukisikia atakuwa mimi."

Frida anausogelea mkono wa mama yake, anauondoa taratibu, na kumfunga mkanda.